Injili Iliyopanda Boda: Wimbo na Gurudumu Chini ya Rwenzori

Kutoka njia panda ya Kikorongo hadi Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Kongo, hazifiki kilomita 40, na siku ya gulio hutamaliza hata moja kati ya hizo bila kusikia jina la Yesu. Linatoka kwenye teksi, kwenye kioski cha kuchaji simu, kwenye mlango wa saluni. Linalokufuata kwa mwendo wako, hata hivyo, ni lile linalotoka kwenye boda. Pikipiki yenyewe ni Bajaj Boxer, kama zilivyo nyingi za huku. Juu ya keria kimefungwa kipaza sauti chenye mdomo wa tarumbeta, na kilichokifunga ni mikanda iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu. Waya umepita chini ya kiti hadi kwenye betri, na memori kadi isiyozidi ukucha imechomekwa kwenye kiredio kinachoning'inia usukani. Mhubiri akiwepo, hukaa nyuma kama abiria mwingine yeyote, Biblia yake imo kwenye mfuko wa plastiki kwa ajili ya vumbi. Mara nyingi hayupo. Yupo dereva peke yake, pamoja na gitaa la Kikongo na kwaya inayoimba Kiswahili kilichotoka Mwanza, Kigali au ng'ambo ya mto Lhubiriha.

Mgeni atadhani haya ni mambo ya juzi, yamekuja na pikipiki za Kihindi na simu za Kichina. Ukweli ni kwamba katika wilaya ya Kasese wimbo wa injili umekuwa ukipanda chombo cha safari kwa zaidi ya miaka mia moja, na kila chombo kilipobadilika, mwenye kuchagua wimbo naye alibadilika. Alianza mwinjilisti, akafuata mwalimu wa kwaya, wakafuata waliookoka, na leo ni dereva. Ukiitaka historia ya kanisa ya upande huu, mfuate mwenye chombo.

Wa kwanza alikuja kwa miguu. Apolo Kivebulaya alikuwa Mganda, alibatizwa mwaka 1895, akatumwa Toro kufundisha, na mwaka 1896 akavuka mto Semliki kwenda Mboga. Jina la Kivebulaya alipewa na watu kwa sababu ya koti jekundu la kijeshi, kitu cha kutoka Ulaya, alilopenda kulivaa juu ya kanzu. Chifu Tabaro wa Mboga hakumtaka. Apolo alichapwa, kibanda chake kikachomwa moto, akaletwa Toro akiwa mfungwa, akarudi tena. Tabaro huyohuyo baadaye alibatizwa. Apolo alipata upadri mwaka 1903, akaendelea na kazi hadi kwa Wambuti wa msituni, na alipofariki Mei 30, 1933, alizikwa kichwa kikielekea magharibi, kwenye msitu ambao bado haujafikiwa.

Mwaka 1910 Waingereza na Wabelgiji walikubaliana kuhusu mpaka, na Mboga ikaangukia Kongo. Kanisa lilikuwa limeshapita. Ndivyo ilivyo hata leo Bwera, mji wa mpakani: Wakonzo upande huu na Wanande upande ule wanasema lugha moja kwa lafudhi mbili, na watoto wao wanapewa majina kwa mfuatano ule ule wa kuzaliwa. Huku anaitwa Baluku, kule Paluku. Huku Masereka, kule Kasereka. Wimbo ukitungwa Butembo, ng'ambo ya Kongo, hauhitaji viza.

Gurudumu lilifika mapema kuliko tunavyofikiri. Mmisionari Albert Lloyd wa shirika la Kianglikana la CMS, aliyefanya kazi Toro miaka hiyohiyo ya Apolo, alikuwa na baiskeli, na mwaka 1898 alipoamua kurudi Uingereza kwa kupitia msitu wa Kongo badala ya pwani, aliondoka nayo. Huyo ndiye babu wa pikipiki zote za kimisheni za huku, ingawa sidhani kama aliimba akiwa juu yake. Njia za wakati ule hazikumwachia mtu pumzi ya kuimba.

Nyimbo zilizokuja na watu hawa zilikuwa tenzi za Kiingereza zilizotiwa maneno ya Kiganda, kisha Kitoro. Mkonzo aliyeshuka mlimani kwenda kusali alikuta Mungu anaimbiwa kwa lugha ya watawala wa Toro walioketi Fort Portal. Nyumbani kwake aliacha endara, ile marimba kubwa inayolazwa juu ya migomba miwili na kupigwa na watu kadhaa kwa pamoja, na aliacha filimbi za eluma, ambazo kila mpigaji ana sauti yake moja tu na lazima aisubiri zamu yake. Kuvipeleka vitu hivyo kanisani hakukufikirika. Ngoma ilikubaliwa kama kengele, iite watu, kisha inyamaze.

Kwa hiyo uamsho ulipowaka, uliwaka mikononi mwa watu wasio na ala yoyote. Septemba 1929 daktari Joe Church, Mwingereza aliyefanya kazi Gahini nchini Rwanda, alikutana na Simeoni Nsibambi kwenye kilima cha Namirembe, Kampala, na kutokana na urafiki wao likachipuka kundi tunaloliita Balokole, yaani waliookoka. Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, alifariki Januari 1936 akiwa amekwisha kuwasha moto, na kufikia mwaka 1941 wanafunzi 26 walikuwa wamefukuzwa katika chuo cha kitheolojia cha Mukono kwa kukataa kuacha ibada zao za alfajiri. Balokole waliikataa ngoma ya densi, pombe na tumbaku. Kitu kimoja walichokibeba popote ni Tukutendereza, kiitikio kifupi cha Kiganda chenye mizizi katika utenzi wa Kiingereza. Hakikudai kitabu wala kinanda. Mtu aliungama dhambi hadharani, mwingine akakianzisha, na waliokuwa kwenye lori zima wakaitikia. Mpaka leo ukikianzisha Bwera, Kabale, Bukoba au Nyeri, hutamaliza mstari wa kwanza ukiwa peke yako.

Mapadri wengi walilalamika kuhusu kelele. Nadhani kilichowauma zaidi ni kwamba wimbo ulikuwa umetoka mikononi mwao.

Halafu wimbo ukaingia siasa. Mwaka 1962 mwalimu wa shule, Isaya Mukirane, aliongoza vuguvugu la Rwenzururu kudai Wakonzo na Waamba watoke chini ya ufalme wa Toro, na lugha ya shuleni na kanisani ilikuwa miongoni mwa manung'uniko makubwa. Watu wakatunga nyimbo kwa Kikonzo. Mwanamuziki na mtafiti Peter Cooke, aliyefundisha Uganda miaka ile, pamoja na Martin Doornbos, waliziandika baadhi na kuzichapisha mwaka 1982 katika makala kuhusu nyimbo za upinzani za Rwenzururu. Mukirane alifariki mwaka 1966, na urithi ukamwangukia mwanawe ambaye bado alikuwa mtoto. Mtoto huyo ndiye Omusinga, yaani mfalme, wa leo, aliyetambuliwa rasmi na serikali mwaka 2009, na jina lake ni Charles Wesley Mumbere. Mfalme wa mlima mzima anaitwa jina la mtunzi wa tenzi wa Uingereza wa karne ya 18. Sijui kama kuna ufalme mwingine Afrika wenye bahati hiyo.

Kasese yenyewe ilizaliwa na reli. Mwaka 1956 njia ya treni kutoka Kampala ilifika hapo kwa ajili ya shaba ya Kilembe, na pamoja na shaba walikuja watu wa kila kabila, mishahara ya mwisho wa mwezi, baa, redio na santuri. Kwenye santuri lilikuwamo gitaa. Mwaka 1952 Hugh Tracey alikuwa amemrekodi Jean-Bosco Mwenda huko Jadotville, Katanga, na kijana huyo wa Kiyeke akawa jina la Afrika Mashariki nzima, hata akaenda Nairobi kutangaza vidonge vya Aspro redioni. Magharibi mwa Kenya, George Mukabi alipiga gitaa lake huku mwenzake akigonga chupa ya soda. Hizo zilikuwa nyimbo za mtu mmoja na matatizo yake: mwanamke, pesa, safari, kifo. Kwa mshika dini wa miaka ile, gitaa lilikuwa chombo cha baa, basi. Kama ulitaka kumtukana mwinjilisti, ungesema amenunua gitaa.

Mlango wa msiba

Ubishi huohuo, wa muziki wa baa kuingia kanisani, ulikuwa umeshapiganwa Chicago. Thomas Dorsey, aliyezaliwa Georgia mwaka 1899, mtoto wa mhubiri, alipata riziki kwa kupiga piano ya bluzi. Alimpigia mwimbaji wa bluzi Ma Rainey, na mwaka 1928 yeye na mpiga gitaa Tampa Red walitoa wimbo wa matani ya chumbani uliouzwa sana. Agosti 1932 akiwa safarini St. Louis alipata telegramu kwamba mkewe, Nettie, amefariki kwa uzazi. Mtoto naye hakuishi. Katika siku zilizofuata alitunga "Take My Hand, Precious Lord", wimbo ambao leo unaimbwa kwenye mazishi ya watu ambao hawajawahi kumsikia Ma Rainey. Miaka ya kwanza makanisa makubwa ya weusi yalimfukuza mlangoni, yakisema anamletea Mungu uchafu wa vilabu. Baadaye yeye ndiye aliyeongoza kwaya ya Pilgrim Baptist kwa miongo kadhaa, na wote waliomfukuza walikuwa wakiimba nyimbo zake.

Hakuwa peke yake. Blind Willie Johnson wa Texas, kipofu aliyehubiri njiani kwa gitaa, alirekodi kati ya 1927 na 1930, na sauti yake iliwekwa kwenye chombo cha Voyager kilichorushwa angani mwaka 1977, kwa hiyo ndiye mhubiri wa barabarani aliyefika mbali kuliko wote. Rosetta Tharpe alipeleka gitaa na maneno ya injili katika klabu za usiku za New York mwaka 1938, akalaumiwa na watu wa kanisa lake, akaendelea kupiga.

Bluzi, nionavyo, iliingia kanisani kwa mlango wa msiba. Mtu anayeomboleza haulizwi amejifunza wapi kupiga gitaa.

Pikipiki nayo ilipitia njia kama hiyo. Huko Uingereza miaka ya 1950 na 1960, vijana wa pikipiki na majaketi ya ngozi walikuwa jinamizi la magazeti. Kasisi John Oates alianzisha klabu ya vijana mwaka 1959 kwenye misheni ya Hackney Wick, mashariki mwa London, na mwaka 1962 kasisi mwingine, Bill Shergold, ambaye mwenyewe aliendesha pikipiki, aliwafuata vijana hao kwenye mkahawa wao wa barabarani na kuwakaribisha ibadani pamoja na mashine zao. Wakaja. Marekani ilikuwa na makusanyiko makubwa zaidi: lile la Sturgis, South Dakota, lilianza mwaka 1938 na sasa hujaza mji mdogo kwa mamia ya maelfu ya watu kila Agosti. Mchungaji Herb Shreve wa Arkansas alinunua pikipiki ili apate kukaa na mwanawe ambaye uhusiano wao ulikuwa umeharibika. Wakaenda pamoja kwenye makusanyiko, akaona umati usio na mchungaji, na mwaka 1975 akaanzisha chama cha waendesha pikipiki Wakristo. Ni katika mazingira ya namna hiyo, kati ya mahema, moshi na bia, ambapo bendi za bluzi za Kikristo zilipata nafasi. Glenn Kaiser wa Chicago, aliyeanza na bendi ya roki ya Kikristo mwaka 1972, ni mmoja wa waliogeukia bluzi waziwazi. Hoja yao ni nyepesi: watu hawa wanapenda bluzi, bluzi inasema kweli kuhusu taabu, tuanzie hapo.

Chama cha Shreve kina uzi unaofika mpaka Afrika. Wanachama wake kila mwaka huendesha pikipiki kuchangisha fedha, na sehemu ya fedha hizo hununua vyombo vya usafiri kwa wachungaji wa nchi maskini, pikipiki zikiwamo. Wakatoliki walitangulia kwa nusu karne. Mwaka 1927 padri Mjerumani Paul Schulte alianzisha MIVA baada ya rafiki yake kufa kwa homa huko Namibia, mbali na hospitali na bila chombo cha kumfikisha, na tawi la Austria la shirika hilo huwaomba madereva wake watoe sehemu ya senti kwa kila kilomita waliyoendesha bila ajali. Kwa njia kama hizo katekista wa kijijini alianza kuonekana juu ya Yamaha DT, amevaa helmeti na kola. Zilikuwa pikipiki za ofisi, zenye daftari la safari na maandishi ubavuni, na hakuna aliyefikiria kuzifungia spika.

Steji ndiyo parokia

Huku hakuna Sturgis. Hakuna mtu Bwera anayeendesha pikipiki Jumamosi kwa kujifurahisha kisha Jumatatu akarudi ofisini kwa gari. Pikipiki ni kazi, na mara nyingi bado ina deni. Boda ilianzia mbali, kwenye mpaka wa Busia kati ya Kenya na Uganda, ikiwa baiskeli yenye kiti cha sponji. Miaka ya 1990 baiskeli zikaanza kupisha pikipiki, na kwenye mpaka wetu wa magharibi zilikuja wakati mbaya. Novemba 1996 waasi wa ADF walivamia Mpondwe, na kwa miaka kadhaa milima ilikuwa ya wanajeshi na wakimbizi. Vita vilipopungua, vijana waliokuwa hawana shamba wala reli, kwa kuwa treni ya Kasese nayo ilikuwa inakufa, walikopa pikipiki.

Ukitaka kuona maana yake kiuchumi, shuka Kasenyi. Ni kijiji cha wavuvi ukingoni mwa ziwa George, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, kando ya kreta yenye ziwa la chumvi la Bunyampaka. Samaki na chumvi vyote vinatoka kwa boda, kupitia tambarare ambako watalii wamesimamisha magari yao wakimtafuta simba. Dereva hasimami. Ngege wake wamo kwenye kikapu kilichofunikwa majani mabichi, maji yanadondoka kwenye tairi, na anataka kufika lami kabla jua halijawaka. Kwenye mkia wa tairi ameandikisha maneno: Mungu ni Mwema, au Yesu Anaweza. Anatoka alfajiri na kurudi usiku. Jumapili ni siku nzuri ya abiria. Ibada ya saa nne hataiona.

Ndipo ulipo utofauti na Marekani. Shreve aliwafuata waendesha pikipiki waliokuwa mbali na kanisa kwa mapenzi yao. Dereva wa Kasese amelelewa kanisani, mama yake yuko kwenye umoja wa akina mama, na dada yake anaimba sauti ya pili. Kinachomtenga na ibada ni deni la wiki. Kwa hiyo steji, kituo cha boda, ikawa mahali pa sala: dakika chache asubuhi kabla ya safari ya kwanza, mmoja anaomba, wawili wanafuta viti, mwingine anaitikia huku anapima mafuta kwa kutikisa tangi. Na kwa kuwa dereva hawezi kwenda kwenye kwaya, kwaya imekuja kwake kwenye memori kadi.

Gitaa lililokuwa la baa ndilo linalotawala kadi hizo. Katika Kongo, wanamuziki kama Charles Mombaya, aliyefariki mwaka 2007, walikuwa wameshaonyesha kwamba sebene, ile sehemu ya mwisho ambapo gitaa la solo linashika usukani na watu wanasimama, inaweza kumsifu Mungu kwa nguvu ileile iliyotumika kusifu viatu na warembo. Kutoka Tanzania ikaja sauti ya Rose Muhando, ya kukaripia na kubembeleza kwa pumzi moja, na kwaya ya vijana ya AIC Makongoro ya Mwanza. Kutoka Rwanda walikuja Ambassadors of Christ, kwaya ya Wasabato ya Kigali. Wote hawa waliimba Kiswahili, lugha ambayo kwingine Uganda iliogopwa kama lugha ya askari, lakini hapa mpakani ni ya kununulia maharage.

Wazee walisema yale ambayo wazee wa Chicago walisema. Wengine bado wanasema. Hoja yao siidharau: wimbo unaochezwa kwa kiuno sokoni na madhabahuni unamwacha mtu akijiuliza yuko wapi. Na ni kweli pia kwamba sebene ndefu humeza mahubiri. Nimesikia nyimbo za dakika kumi zenye maneno ya dakika mbili, nane zilizobaki ni gitaa na mtu anayetaja majina ya wafadhili. Dorsey alikuwa na maneno mengi kuliko hivyo.

Kilichonyamazisha ubishi, kwa kadiri ulivyonyamaza, ni mazishi ya madereva. Barabara hii inaua. Dereva akifa, steji nzima husimamisha kazi. Pikipiki hufungwa matawi mabichi kwenye usukani na kwenye taa, zinapangwa mbili mbili, zinatangulia gari la jeneza kwa mwendo wa mtu anayetembea, na honi zinapigwa kwa pamoja kisha zinaachwa. Kati ya honi na honi kipaza sauti cha keria ndicho kinachoimba. Mara nyingi utausikia Kwetu Pazuri wa Ambassadors of Christ. Kwaya ile ina haki ya kuuimba. Mei 2011, ikirudi kutoka safari ya uinjilisti Tanzania, ilipata ajali na kupoteza waimbaji watatu. Mchungaji anayesubiri kaburini, hata awe mpenzi wa tenzi za kale kiasi gani, hapati ujasiri wa kuwaambia vijana wale wazime. Hupokea maiti, hupokea wimbo, na Jumapili inayofuata gitaa linakuwa limesogea hatua moja karibu na madhabahu.

Msafara huohuo, matawi yaleyale, ndio unaompokea askofu anapokuja kubariki kanisa, na mgombea anapokuja kuomba kura. Tofauti utaijua kwa kadi iliyochomekwa.

Janga la korona lilipofunga makanisa Machi 2020, boda nazo zilikatazwa kubeba abiria, zikaachiwa mizigo tu. Makanisa yalifunguliwa Septemba, kwanza kwa waumini wasiozidi 70. Katikati ya miezi hiyo wilaya nzima ilipata injili yake redioni na kwenye kitu chochote chenye spika na magurudumu. Juni 16, 2023 ADF walirudi, wakavamia shule ya sekondari ya Lhubiriha hapohapo Mpondwe, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Nyimbo zilizopigwa wiki ile zilikuwa za polepole, na nyingi zilikuwa za Kikonzo.

Siku hizi malalamiko yamebadilika. Hakuna anayeuliza tena kama gitaa ni la shetani. Watu wanauliza kwa nini lazima lisikike saa kumi na moja alfajiri. Uganda ina kanuni za kudhibiti kelele tangu mwaka 2003, na kuna maofisa wa mazingira wanaozijua, ila kumkamata mtu anayemsifu Mungu kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa ni kazi isiyo na wagombea. Wenye vibanda vya steji wamebuni dawa yao: dereva akisimama, anapunguza, akiondoka, aende na sauti yake.

Na hapo kwenye vibanda ndipo alipo mhariri wa kitabu cha nyimbo cha sasa. Ni kijana mwenye kompyuta moja na feni, anayejaza nyimbo kwenye kadi kwa shilingi chache. Hana daftari la sinodi wala baraka ya mtu. Tenzi za Rohoni zilihaririwa na kamati. Za kwake zinapangwa kwa kuangalia sura ya mteja. Mwenye mkia wa tairi ulioandikwa Kiswahili anapata Makongoro, Muhando na Wakongo watatu. Mzee anayemtengenezea mwanawe kadi ya harusi anapata Tukutendereza iliyopigwa kinanda. Kijana mmoja aliniambia anaweka kila mara wimbo mmoja wa Kikonzo mwanzoni, hata usipoombwa, kwa sababu huo ndio unaomfanya polisi wa kizuizini atabasamu.

Nyanda hizi zina Wasabato wengi, na kadi hufuata kalenda yao. Ijumaa ikielekea magharibi, madereva wao wanaanza kugeuza pikipiki nyumbani, na waliobaki barabarani wanapandisha nauli bila aibu. Jumamosi usiku wanarudi, na Jumapili asubuhi wao ndio wanaowapeleka Waanglikana na Wakatoliki kanisani, kwa muziki wao wenyewe. Mwenye kioski wa pale karibu na soko naye ni Msabato. Anayetaka nyimbo mpya za Jumapili inabidi apeleke kadi yake Ijumaa, kabla jua halijazama upande wa Kongo.